Mashine Iliyorudi Mara Tatu

Saa mbili asubuhi ya Jumatatu, duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa limefurika mafundi. Wa rangi waligombania brashi, wa mabomba walisukumana kwenye foleni, na kila mmoja alikuwa na haraka kuliko mwenzake, maana kila mmoja alikuwa amemwapia tajiri wake kwamba kazi itaisha leo. Pembeni mwa kaunta, karibu na dirisha la uani, kulikuwa na meza ya matengenezo, na nyuma ya meza hiyo aliketi mwanamke aliyechoka.

Tusimpake mafuta kwa mgongo wa chupa. Uzuri alikuwa nao, lakini asubuhi hiyo ulikuwa umelala. Umri wake ulikuwa miaka thelathini na minane, na kumi na mmoja kati ya hiyo aliimalizia kwenye meza ile ile, amevaa ovaroli ya buluu na kitambaa cha njano kichwani, akifungua mashine za watu na kuzifunga. Mafundi walimwita Spana. Aliwahi kuolewa, na mume akaondoka akisema amechoka kulala na harufu ya mafuta ya mashine. Tangu hapo aliishi na shangazi yake, mzee mwenye mguu mbovu na ulimi mzima.

"Fundi, habari za kazi?"

Spana hakuinua uso. "Kazi ni hii unayoiona. Leta."

Mwanamume mrefu, mwembamba, aliyejaa vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi, alifunua taulo mezani. Ndani yake kulikuwa na bunduki ya misumari, ile ya gesi, isiyohitaji bomba la upepo wala waya wa umeme. Alikuwa fundi wa uzio, na wenzake walimwita Seng'enge kwa vile alianza kazi kwa kufunga waya za miiba kabla ya kuhamia mbao.

"Imegoma," alisema. "Unakandamiza mdomo wake kwenye mbao, unavuta kifyatulio, inakohoa tu. Msumari unaingia nusu, unabaki umesimama kama mgeni aliyekosa kiti."

Spana alichomoa betri, akatoa kopo la gesi, akafungua kifuniko cha juu. Mafuta yakatiririka mpaka kwenye kiwiko chake.

"Umeitia mafuta kiasi gani?"

"Ya kutosha."

"Ya kutosha kukaangia nini?"

Wa mabomba wakaangua kicheko. Seng'enge akajikuna shingo. "Naipenda, fundi. Miaka kumi na minane nimepiga misumari kwa nyundo, mpaka kifundo cha mkono kikavimba. Hii ndiyo iliyonipumzisha."

"Basi usiipende hivyo. Humu gesi inachanganyika na hewa, cheche inawaka, pistoni inashuka na msumari. Ukijaza mafuta, cheche itawaka wapi? Safisha kwa dawa yake, futa, subiri ikauke. Halafu matone mawili. Ukiona mkono unataka kuongeza la tatu, weka mkono mfukoni."

"Matone mawili," alirudia Seng'enge kwa unyenyekevu wa mtoto wa shule.

Alipomaliza kuisafisha, mashine ilipiga msumari kwenye kipande cha mbao ukazama wote kwa mlio mmoja mkavu. Kisha Spana alichukua kalamu ya wino usiofutika, akaandika tarehe upande wa ndani wa kifuniko, na kando yake duara dogo.

"Hiyo nini?"

"Alama. Anayetia alama ni anayeitunza."

"Na mimi mwenye mashine je?"

"Wewe unaimiliki. Kumiliki na kutunza ni vitu viwili." Akamwangalia usoni kwa mara ya kwanza. Seng'enge alikuwa na macho mekundu ya mtu anayeamka mapema mno, na alikuwa anatabasamu. Spana alishangaa kujikuta naye anatabasamu, akageukia mashine nyingine haraka.

Ukutani, juu ya kichwa chake, palikuwa na ubao mtupu wenye misumari mitatu. Huo ulikuwa mtindo wa mwenye duka. Mashine ikitengenezwa na kurudi kabla mwezi haujaisha, kibao chekundu kinatundikwa pale, tena kinatundikwa inapopokelewa tu, kabla haijafunguliwa. Vibao vikifika vitatu, fundi anaiacha meza na kwenda stoo kupanga mifuko ya saruji. Kwa miaka kumi na mmoja ubao wa Spana haukuwahi kuona kibao. Ilikuwa fahari yake, na ilikuwa pia usalama wa mgongo wake, kwani alijua usingemaliza mwezi chini ya saruji.

Siku ya tisa Seng'enge alirudi. Safari hii amefua shati.

"Imeanza tena, fundi."

Mwenye duka, mtu wa maneno machache na penseli sikioni, akatundika kibao. Spana alikiangalia, akaivuta mashine kwake. Alipoifungua mashine, alikuta kichujio cha hewa kimejaa vumbi la mbao, limeshindiliwa kana kwamba kwa kidole. Akajisemea kazi ya uzio ina vumbi. Akakikung'uta, akakiosha, akatia tarehe na duara.

"Kibao chekundu ni cha nini?" Seng'enge aliuliza.

"Mapambo," alijibu. Aibu ya ufundi ni aibu ya ndani, huwezi kumfunulia mteja.

"Nipe basi namba ya simu, kwa dharura."

"Dharura ya mashine?"

"Kwani kuna nyingine?"

Simu zikaanza kuita saa za chakula cha mchana.

"Haloo, fundi. Mashine haijambo."

"Sijakuuliza."

"Inakuulizia wewe. Inasema mbona umekonda."

"Iambie itumie kopo jipya, iache umbea."

"Laazizi, umecheka. Nimesikia."

"Nimekohoa."

Shangazi mtu, aliyeyasikia hayo siku ya mapumziko, alisema tu kwamba mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Kisha akaomba aongezewe mto chini ya mguu.

Siku nyingine Seng'enge alipita na mkate, wakaketi nje juu ya rundo la mbao, wakala bila kusema mengi. Jumapili moja Spana alivaa gauni la kijani alilokuwa amelisahau kabatini, akapaka wanja, wakaenda kwenye bustani ya mji. Seng'enge alikuwa amechomekea shati, viatu vinang'aa. Walikaa kwenye benchi lenye kivuli. Alianza kumsimulia jinsi nguzo inavyosimamishwa, kwamba usiiamini mpaka umeipima pande mbili, na katikati ya nguzo ya tatu Spana akasinzia. Naye Seng'enge, kuona mwenzake kasinzia, akafumba macho kidogo. Waliamka kivuli kimeshawahama, bega kwa bega, majasho yanawatoka.

"Samahani," alisema Spana.

"Ya nini? Sijalala vizuri hivi tangu mwaka jana."

Wengine hupendana kwa kukesha. Hawa walipendana kwa usingizi, na Spana alirudi nyumbani akiwa mwepesi kifuani, kitu ambacho hakuwa amekisikia kwa miaka.

Lakini wiki ya fundi ni ndefu, na Jumapili zake nyingi zilikuwa za mguu wa shangazi. Kwenye meza ya matengenezo palibandikwa tangazo: ASIYE NA KAZI ASISIMAME HAPA. Seng'enge alilisoma tangazo hilo mara nyingi, na kila mara aliona linamhusu yeye. Mkono mtupu haulambwi, alijiambia. Mwanamume aende kwa mwanamke ana sababu mkononi.

Kwa hiyo mashine ilirudi tena. Betri haipeleki moto, alisema, amevaa shati jipya. Kibao cha pili kikapanda. Spana alikuta ncha za betri zimepakwa grisi, akazifuta, na usiku wake ukawa wa kuhesabu makosa yake mwenyewe. Labda macho yameanza kuchoka, aliwaza. Labda umri umefika.

Mara ya tatu Seng'enge alinukia marashi tokea mlangoni.

"Imezima kabisa, mpenzi," alinong'ona, akiinama juu ya meza.

Kibao cha tatu kilitundikwa. Duka lilikuwa limejaa, na mafundi wa rangi walinyamaza mmoja mmoja, kwa kuwa wao walijua vibao vile maana yake nini. Spana aliifungua mashine. Kichujio kisafi. Betri imejaa. Pistoni inateleza vizuri. Akaweka kopo la gesi la kwake, akakandamiza mdomo kwenye mbao, akavuta. Msumari ukazama wote.

Akachukua kopo la Seng'enge, akaligeuza. Tarehe yake ilikuwa imepita miaka miwili. Ubavuni palikuwa na mistari miwili ya rangi nyekundu iliyopishana, imesuguliwa kwa msasa lakini haijatoka yote. Hiyo ilikuwa alama yake mwenyewe. Kila kopo lililokufa alilipiga alama hiyo na kulitia kwenye kreti chini ya meza, lisije likamrudia mtu.

"Umelitoa wapi hili?"

Seng'enge akatabasamu, akafikiri ni mchezo. "Umenishika. Kwenye kreti yako. Lile zima ninalo mfukoni." Akalitoa, akalionyesha. "Nilikukumbuka, laazizi. Ningesimama hapa kwa sababu gani?"

"Na ile grisi?"

"Na grisi."

"Na kichujio?"

Alinyanyua kidole gumba, bado anacheka. Spana hakucheka. Alifunga mashine, hakutia tarehe wala duara. Akaifunika taulo na kuisukuma upande wa pili wa meza.

"Chukua. Na namba yangu uifute."

"Mpenzi, ni utani tu..."

"Nimesema ondoka. Hujaona tangazo?"

Seng'enge akatoka na mashine yake kifuani, haelewi. Njia nzima alijiambia kwamba amepata jibu: mwanamke mwenye meza yake na kalamu yake ya wino hawezi kumtaka mtu wa nguzo na vumbi.

Mwenye duka alimwita Spana pembeni. "Jumatatu, stoo."

"Mteja ndiye aliyeharibu. Ameweka kopo bovu makusudi."

"Kila fundi husema hivyo. Mlete aseme mwenyewe."

Spana akarudi mezani pake. Kumpigia simu mtu yule, kumbembeleza aje amwokoe na shimo alilomchimbia, hapana. Heri saruji. Mwenye kovu usidhani kapoa, na kovu la Spana lilikuwa limetoneshwa pale pale. Mume wa kwanza aliidharau kazi yake kwa maneno. Huyu aliichezea kwa vidole, huku akimwita laazizi.

Simu iliita Jumamosi nzima, mara kumi na nne. Mara ya kumi na tano Spana alikuwa uani anaanika ovaroli, na shangazi akaipokea.

"Nani huyo asiyechoka?"

"Shikamoo, shangazi. Ni mimi, fundi wa uzio."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye mashine inayorudi?"

"Ndimi. Shangazi, nimemkosea nini? Nilitaka kumwona tu."

"Ulitaka kumwona," shangazi alisema taratibu. "Sasa sikiliza, baba. Kila ulipotaka kumwona, alitundikiwa kibao chekundu juu ya kichwa, mbele ya wanaume wote wa mji huu. Vibao vitatu, fundi anafukuzwa mezani. Jumatatu mwanangu anakwenda kubeba saruji. Hakukwambia?"



"Aliniambia ni mapambo," Seng'enge alisema.

"Basi umeyaona mapambo yako," alisema shangazi, akakata.

Jumatatu saa mbili, duka limefurika, Spana alikuwa anakusanya bisibisi zake kwenye ndoo. Seng'enge aliingia na ovaroli ya kazi, vumbi mpaka kwenye nyusi, hana marashi. Hakwenda kwake. Alikwenda kaunta, akapanda juu ya sanduku la misumari ili aonekane.

"Jamani, nisikilizeni. Mashine yangu haikuharibika tena. Tangu siku ya kwanza huyu fundi aliitengeneza ikatengenezeka. Niliziba kichujio kwa kidole changu. Nilipaka grisi kwenye betri. Nikaiba kopo lililokufa kwenye kreti yake nikaliweka. Vibao vyote vitatu ni vyangu, si vyake."

"Kwa nini?" aliuliza mwenye duka.

Mafundi hamsini walisubiri. Masikio ya Seng'enge yalikuwa yamewaka.

"Nilitaka niwe nasimama pale," alisema, akaonyesha kwa kidevu.

Mtu mmoja wa mabomba alipiga mluzi, mwenzake akamkanyaga mguu. Mwenye duka alitoa penseli sikioni, akaitazama, akairudisha. Kisha akaenda ukutani, akavitoa vibao kimoja baada ya kingine.

"Meza ni yako," alimwambia Spana. Na kwa Seng'enge: "Mashine yako haitapokelewa tena humu. Misumari utauziwa. Matengenezo, katafute kwingine."

"Ni haki," alisema Seng'enge, akashuka. Ndipo alipomgeukia Spana, anasubiri.

Spana alikuwa bado ameshika ndoo. Machozi yalimlenga, na yalimkasirisha. "Unadhani ukinifungua kamba uliyonifunga mwenyewe, hiyo ni zawadi?"

"Hapana."

"Nilikaa wiki nzima najiona nimezeeka. Nilidhani mikono yangu imeisha. Unajua mikono hii ndiyo niliyonayo?"

"Sikujua. Nisamehe."

"Nimechoka," alisema Spana. "Nenda."

Akaenda.

Miezi miwili ikapita. Spana alikaa mezani pake, ubao mtupu juu ya kichwa, na hakuna aliyemcheka. Alipaswa kufurahi. Mchana simu haikuita, akawa anaitoa mfukoni kuangalia kama ina chaji. Alimkumbuka, tusifichane. Alimkumbuka mpaka akiona taulo mahali popote moyo unaruka. Lakini kumpigia hakumpigia, naye hakupigiwa, kwa kuwa aliyeambiwa afute namba alikuwa ameifuta kweli. Shangazi alitazama yote hayo kutoka kitandani, na kwa mara ya kwanza maishani akanyamaza.

Jumamosi moja alasiri alikuwa anatoka kuchukua dawa za shangazi, miguu imevimba, alipopita karibu na shule ya chekechea iliyokuwa inawekewa uzio. Alisikia mlio. Tap. Tap. Tap. Kila mmoja mkavu, mfupi, hakuna kukohoa, hakuna kurudia. Mtu mwingine angesikia kelele. Spana alisikia pistoni safi, kichujio kinachopumua na cheche inayowaka kwa wakati. Tena aliijua mashine yenyewe, kwa vile alishaipiga mara nne kwa mkono wake.

Seng'enge alikuwa amepiga magoti kwenye nguzo ya kona. Alipomwona alizima mashine, akachomoa betri, kisha kopo, kama alivyofundishwa. Alikuwa amekonda.

"Nani anakutengenezea?" Spana aliuliza, na sauti ikatoka kali kuliko alivyokusudia.

"Unaona wivu?"

"Nimeuliza swali la ufundi."

Seng'enge akampa mashine. Spana aliketi juu ya rundo la fito, akafungua kifuniko. Ndani palikuwa na tarehe zake tatu na maduara yake matatu. Chini yake, kwa mwandiko uliopinda wa mtu asiyezoea kalamu, palikuwa na tarehe nyingine, moja kwa kila Jumamosi, tisa kwa jumla. Hazikuwa na duara. Akapitisha kidole kwenye silinda. Kilitoka na mafuta kidogo tu.

"Matone mawili," alisema Seng'enge. "Mara nyingine mkono unataka kuongeza la tatu. Nauweka mfukoni."

Spana alijaribu kutocheka. Akashindwa, na katikati ya kucheka akaanza kulia, na hakujua lipi lilikuwa lipi. Seng'enge hakumgusa. Aliketi kando yake, akiacha nafasi ya mtu mmoja katikati.

"Mwandiko wako mbaya," alisema Spana mwishowe, akifuta pua kwa ncha ya kitambaa cha njano.

"Najua. Ulisema anayetia alama ni anayeitunza. Sasa naitunza, na haiharibiki tena. Ndiyo tabu yenyewe. Nimebaki sina cha kuleta."

"Kwani nani alikwambia ulete kitu?"

"Mkono mtupu haulambwi."

"Huo mkono wako ulipojaa ulinitia hasara." Akamrudishia mashine. Ilimbidi apumzike kidogo kabla ya kusimama, kwa vile magoti yaliuma. "Kesho Jumapili. Ukija na hata msumari mmoja, sifungui."

Kesho yake mchana mlango ulibishwa. Shangazi alijikokota na fimbo yake, akafungua. Akamkagua mgeni kutoka viatu vyenye vumbi mpaka kwenye mikono iliyoning'inia, haijui ikae wapi.

"Umeleta nini?"

"Sijaleta kitu, shangazi."

"Kimeharibika nini safari hii?"

"Hakuna kilichoharibika," alisema Seng'enge. "Nimekuja kuposa."

Shangazi aligeuka. Ndani, Spana alikuwa ameketi na gauni lake la kijani, limekunjwa mpaka magotini, miguu yote miwili imo ndani ya beseni la maji ya moto. Alikuwa amesikia kila neno. Akasogea upande mmoja wa kochi, akaliacha beseni katikati.

"Mwambie aingie avue viatu, shangazi," alisema. "Naye amechoka."